Doa linalojirudia ukurasani: je, katriji mbadala imeua printa yangu?

*Swali: “Printa yangu ni ya leza, inachapa nyeusi tu, na tona (ule unga wa kuchapia) na dramu viko pamoja ndani ya katriji moja. Katriji iliyokuja na printa iliisha upesi kuliko nilivyotarajia, nikanunua mbadala ya bei nafuu. Kurasa mia kadhaa za mwanzo zilitoka safi. Sasa kila ukurasa una doa jeusi linalojirudia mara tatu au nne kuelekea chini, na pale karatasi inapotakiwa kuwa nyeupe kumeingia ukungu wa kijivu. Fundi mmoja ameniambia tona mbadala imeshaua printa, ninunue nyingine. Mwingine anasema nijaze unga tu na kubadilisha chipu. Nachapa kama kurasa 200 kwa mwezi, na wakati mwingine wiki mbili hupita sijachapa kitu, nikihofia wino kukauka. Je, nimeiharibu printa? Na sasa ninunue nini: orijino, mbadala, au nijaze?”*

Pole kwa usumbufu. Nianze na lile linalokukosesha usingizi: katika yote uliyoyaandika sioni dalili hata moja ya printa iliyokufa. Ninachokiona ni katriji iliyochoka au kuumia, na siku utakapoitoa, kuna uwezekano mkubwa doa na ukungu vitatoka nayo. Fundi wa kwanza amekutisha mapema mno. Wa pili huenda ana nia njema, lakini ushauri wake ungekula pesa yako bure. Nitakueleza sababu kwa kirefu kidogo, maana ukishaelewa jinsi ukurasa unavyochapwa utaweza kujipimia mwenyewe, bila kumfuata mtu yeyote kwa kufumba macho.

Wengi hudhani leza inaunguza herufi kwenye karatasi. Sivyo. Mwanga wa leza haufiki kwenye karatasi kabisa. Unaishia kwenye dramu, ile silinda nyembamba ya alumini yenye tabaka laini linalong’aa, mara nyingi la kijani au buluu. Tabaka hilo lina tabia moja ya ajabu: likiwa gizani halipitishi umeme, likimulikwa linaupitisha. Printa nzima imejengwa juu ya tabia hiyo.

Rola ndogo ya mpira inayoegemea dramu huipaka chaji hasi ya umeme, mara nyingi kiasi cha volti 600. Kisha mwale wa leza, ukirushwa na kioo chenye pande kadhaa kinachozunguka kwa kasi, hupita mstari baada ya mstari na kumulika pale tu panapotakiwa kuwa peusi. Palipomulikwa chaji huvuja na kushuka sana. Hapo dramu inakuwa imebeba picha kamili ya ukurasa wako, ila jicho haliioni, kwa kuwa imechorwa kwa tofauti ya umeme peke yake. Tona nayo ina chaji hasi. Ikisogezwa karibu na dramu, inasukumwa mbali na sehemu zenye chaji kali na kunata kwenye zile zilizolegea. Karatasi inapopita, rola iliyo chini yake yenye chaji chanya huivuta tona kutoka kwenye dramu hadi kwenye karatasi.

Kwa wakati huo herufi zako ni unga mtupu uliolala juu ya karatasi. Ukipitisha kidole zinafutika. Kinachozishika ni fyuza, sehemu ya mwisho kabla karatasi haijatoka, yenye joto linalokaribia nyuzijoto 200 za Selsiasi pamoja na mgandamizo. Tona kwa sehemu kubwa ni plastiki, kwa hiyo inayeyuka na kushikamana na nyuzi za karatasi. Ndiyo maana karatasi hutoka ikiwa na joto. Unga uliobaki kwenye dramu hukwanguliwa na bledi ya mpira na kuangukia kwenye chumba cha taka kilichomo ndani ya katriji hiyohiyo. Dramu ikishasafishwa inapakwa chaji tena, na mzunguko unaanza upya. Kwa ukurasa mmoja wa A4, dramu ndogo huzunguka karibu mara nne.

Sasa rudi kwenye doa lako. Kitu chochote kinachozunguka, kikiwa na jeraha sehemu moja, kitaacha alama kila kinapomaliza mzunguko. Chukua rula na upime kutoka doa moja hadi linalofuata. Dramu za printa nyingi ndogo zina kipenyo cha milimita 24, maana yake mzunguko wake ni kama milimita 75. Nyingine zina kipenyo cha milimita 30, na mzunguko wake ni milimita 94. Urefu wa A4 ni milimita 297. Gawanya mwenyewe: doa la dramu litaonekana mara tatu au nne, kama ulivyosema. Lingekuwa limetokana na ile rola ndogo ya chaji, yenye mzunguko mfupi zaidi, ungelikuta mara sita, saba au zaidi kwenye ukurasa mmoja.

Ukipata milimita 75 au 94, karibu umeshamkamata mhalifu. Nasema karibu kwa sababu fyuza ya baadhi ya printa ina mzunguko usio mbali na huo. Kuna jaribio la kuzitenganisha. Agiza ukurasa wenye maandishi machache, na karatasi ikifika katikati ya safari fungua mlango wa printa ili isimame. Zima umeme, toa katriji taratibu, kisha itoe karatasi bila kuikunja na bila kugusa sehemu yoyote ya ndani iliyoandikwa onyo la joto. Itazame sehemu ambayo haijaingia kwenye fyuza, ambako herufi bado ni unga. Kama doa tayari lipo hapo, fyuza haina hatia.

Ukiwa umeitoa katriji, sukuma kifuniko kidogo cha dramu na uitazame kwenye mwanga hafifu, kwa sekunde chache tu. Mara nyingi utaona kitone kidogo kilichochubuka, au punje ya kitu kigumu iliyoganda. Usiiguse kwa kidole, usiifute kwa spiriti, na usiiache wazi dirishani. Mwanga wa jua unaweza kuichosha dramu ndani ya dakika chache. Ukikuta chubuko, hakuna dawa ya kulifuta. Pale tabaka lilipotoka, chaji haikai, na pasipo na chaji tona itanata kila mzunguko.

Ukungu wa kijivu unatokana na kanuni ileile. Kumbuka kwamba weupe wa karatasi unalindwa na chaji kali iliyo kwenye dramu. Rola ya chaji ikichafuka au kuchakaa, au dramu ikichoka, chaji inapungua kila mahali, na tona inaanza kunata kidogokidogo pasipotakiwa. Sababu nyingine ni unga wenyewe kutokuwa wa aina inayofaa, usioshika chaji ya kutosha. Katriji zenye unga wa namna hiyo huweza kuanza vizuri na kuharibika kadiri zinavyotumika, na maelezo yako yanafanana na hali hiyo. Vyovyote iwavyo, dramu, rola ya chaji, bledi na unga, vyote viko ndani ya katriji.

Hii ndiyo sababu sikubaliani na fundi wako wa pili. Kwa aina ya printa uliyonayo, unaponunua katriji hununui unga peke yake. Unanunua pia dramu, rola na bledi, yaani sehemu zinazochakaa haraka kuliko zote. Ndivyo ilivyokusudiwa tangu mwanzo. Kampuni ya Canon ilipotoa mashine zake ndogo za fotokopi mwaka 1982, ilizikusanya sehemu hizo kwenye katriji moja ili mtumiaji azibadilishe mwenyewe bila kuita fundi. Miaka miwili baadaye HP walitoa LaserJet ya kwanza, ambayo ndani yake kulikuwa na mtambo wa Canon wenye utaratibu huohuo. Ukijaza unga mpya kwenye katriji yako ya sasa, utapata ukurasa mweusi zaidi wenye doa lilelile. Chipu mpya nayo itabadilisha tu namba ya tona iliyobaki inayoonyeshwa kwenye skrini. Dramu haiponi kwa chipu.

Kujaza kunaharibu zaidi kukifanywa kwa pupa. Nimeona katriji nyingi zilizotobolewa tundu ubavuni, zikamiminiwa unga, tundu likafunikwa kwa utepe, na kile chumba cha taka hakikuguswa kabisa. Chumba hicho kikijaa, unga mchafu hauna pa kwenda. Unadondoka kwenye karatasi, kisha kwenye gia na rola ya chini. Mteja anasema tona mbadala imevuja, kumbe ni taka ya zamani iliyokosa nafasi.

Hata hivyo sitaki uondoke ukidhani mbadala haiwezi kudhuru printa. Inaweza, na njia zake kuu ni mbili. Ya kwanza ni kuvuja, kama nilivyoeleza. Unga ukifika kwenye kioo cha leza utaona mistari myeupe au iliyofifia kuelekea chini ya ukurasa. Ya pili ni joto. Kila tona imetengenezwa iyeyuke kwa kiwango fulani. Inayoyeyuka mapema mno hunata kwenye fyuza na kuichafua. Inayochelewa kuyeyuka haishiki kwenye karatasi. Kwa hiyo jaribu hivi: acha ukurasa upoe, kisha sugua neno moja lenye herufi nene kwa kidole gumba kwa nguvu. Kidole kikitoka cheusi, na karatasi ni ya kawaida, tona hiyo haiivi kwenye printa yako, na usiendelee kuitumia. Usichanganye unga wa printa tofauti hata kama wote ni mweusi. Punje zake ni za mikroni 5 hadi 10 tu (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na ndani yake mna resini, yaani ile plastiki, pamoja na masizi, nta na silika. Katika printa nyingi za rangi moja huongezwa oksidi ya chuma ili unga ushikwe kwa sumaku. Unga usio na chuma ukiwekwa kwenye katriji inayotegemea sumaku, hakuna cha kuushika.

Sasa ununue nini? Kwanza tofautisha majina, maana wauzaji huyachanganya. Orijino ni ya mtengenezaji wa printa. Mbadala mpya imetengenezwa yote na kampuni nyingine na ina jina lake yenyewe. Iliyokarabatiwa ni mwili wa orijino uliotumika, ukafunguliwa, ukasafishwa na kubadilishiwa sehemu zilizochakaa. Iliyojazwa tu tumeshaizungumza. Zaidi ya hizo kuna bandia: mbadala iliyovikwa boksi na jina la orijino. Mbadala yenye jina lake ni bidhaa halali ya kushindana sokoni, bandia ni wizi. Ukiona “orijino” inauzwa kwa bei ya mbadala, na lakiri ya boksi imechanwa, iache hapo ilipo.

Kwa matumizi yako, mimi ningechagua moja kati ya mbili. Kama unachapa hati ambazo haziruhusiwi kuwa na dosari, au printa bado iko ndani ya muda wa dhamana na hutaki mabishano, nunua orijino. Kwa kawaida dhamana haifi kwa sababu tu umetumia mbadala, lakini uharibifu uliosababishwa na mbadala hautalipiwa, na kuthibitisha nini kimesababisha nini kunachosha. Kama gharama ndiyo inayokubana, tafuta iliyokarabatiwa vizuri. Naipa nafasi mbele ya mbadala mpya ya bei ya chini kabisa, kwa sababu mwili wake na gia zake vilitengenezwa kwa vipimo vya printa yenyewe. Muulize muuzaji swali moja: dramu na bledi ni mpya? Anayejua kazi yake atajibu papo hapo, atakuambia imejaribiwa kwa kuchapa ukurasa, na atakubali kuipokea ikirudi na kasoro. Anayejibu kwamba “zote ni sawa” hajui anachouza.

Usilinganishe bei ya boksi kwa boksi; gawanya bei kwa idadi ya kurasa. Idadi hiyo, kwa katriji za rangi nyeusi, hupimwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 19752, na wengi huifahamu kama ukurasa uliofunikwa na tona kwa asilimia 5 hivi, yaani barua fupi isiyo na picha. Ukichapa majedwali yenye vivuli, nusu ya kurasa hizo inaweza kuyeyuka. Hapa ndipo pia lilipo jibu la katriji yako ya kwanza kuisha upesi. Printa nyingi huuzwa na katriji ya kuanzia, ambayo haijajazwa kama ile ya dukani. Hukuibiwa, ila ungestahili kuelezwa wazi siku unanunua.

Angalia pia kama modeli yako inapokea katriji ya ujazo mkubwa. Kwa mfano, katriji ya HP 05A imekadiriwa kurasa 2,300 na 05X kurasa 6,500, na printa ya LaserJet P2055 inapokea zote mbili. Wewe unachapa kurasa 2,400 kwa mwaka, kwa hiyo ya kwanza ingekutosha mwaka mmoja kasoro kidogo, ya pili zaidi ya miaka miwili na nusu. Ujazo mkubwa kwa kawaida hushusha gharama ya kila ukurasa. Tahadhari moja: ukichapa ukurasa mmoja mmoja siku nzima badala ya kundi kwa pamoja, dramu inazunguka zaidi wakati wa kuanza na kumaliza kila kazi, na inachakaa kabla ya idadi iliyoandikwa. Kusanya kazi zako, uzichape kwa mkupuo.

Kuhusu hofu yako ya wino kukauka, iondoe kabisa. Tona ni unga mkavu tangu siku ya kwanza. Wiki mbili au miezi miwili bila kuchapa haiidhuru. Hilo ni tatizo la printa za wino wa maji, na kwa mtu anayechapa kwa vipindi kama wewe, leza ni chaguo sahihi. Linda karatasi zaidi kuliko tona: zikinyonya unyevu zinajikunja na chaji haipiti sawasawa. Katriji ya akiba iache ndani ya mfuko wake mweusi, ikiwa imelala, mbali na joto.

Onyo la “tona imepungua” nalo lisikukimbize dukani. Printa nyingi hazipimi unga uliobaki. Zinahesabu nukta zilizochapwa na kukadiria. Maandishi yakianza kufifia, toa katriji, itikise taratibu kushoto na kulia mara chache, uirudishe. Mara nyingi utapata kurasa nyingine nzuri za kutosha. Kabla hujanunua mbadala yoyote, hakikisha pia kama printa yako inaikubali. Baadhi ya modeli zinakagua chipu, na sasisho la programu ya ndani linaweza kuikataa kesho katriji iliyokubaliwa leo. Soma mipangilio ya printa, na usiruhusu sasisho lijiweke lenyewe kabla hujajua linabadilisha nini. Nalisema hili kwa uchungu kiasi, kwa kuwa mnunuzi anastahili kuambiwa sharti kama hilo kabla ya kulipa.

Unga ukimwagika, usitumie mashine ya kawaida ya kunyonya vumbi. Punje ni ndogo kiasi cha kupita kwenye kichujio chake na kurudi hewani. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, na nguo au mikono uoshe kwa maji baridi. Maji ya moto yatailainisha plastiki na kuishikiza. Fungua madirisha, na kama una pumu mwachie mtu mwingine kazi hiyo. Kikohozi au kubanwa kifua kusikoisha baada ya hapo ni jambo la kumwona daktari.

Hatua yako ya kwanza, kabla ya kununua chochote, ni kuazima katriji nzima kutoka kwa mtu mwenye printa ya modeli hiyohiyo na kuchapa kurasa tatu. Zikitoka safi, mjadala umeisha: nunua katriji. Doa au ukungu ukibaki palepale, hapo mwite fundi aje aione printa yenyewe. Mwite pia ukisikia harufu ya kuungua, gia zikisaga, herufi zikifutika kwa kidole hata kwa katriji ya orijino, au mistari iliyofifia ikiendelea baada ya kubadilisha katriji. Kusafisha kioo cha leza na kubadilisha fyuza si kazi za kujaribia nyumbani. Mwanga wa leza hizo mara nyingi hauonekani kwa macho, na swichi ya mlango imewekwa ili kukulinda, usiizibe kwa kitu ili printa ifanye kazi ikiwa wazi. Katriji ya zamani usiitupe wala kuichoma moto. Irudishe kwenye mfuko wa ile mpya na umpelekee anayekarabati, kwa kuwa mwili wake bado una thamani, na wengine hukupunguzia bei ukiwaletea.